Mkorosho Unaishi Kuliko Diski

Maneno haya niliyasema Mtwara, mbele ya watafiti, mafundi wa maabara na wasimamizi wa mashamba ya majaribio wa huku kusini. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mheshimiwa mwenyekiti, wakubwa wangu mliomo humu ukumbini, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu wa maabara, habari za asubuhi. Mliotoka Masasi, Newala na Nachingwea, poleni na safari. Najua mliondoka nyumbani kabla ya adhana.

Niliombwa nijibu swali moja: maabara inunue kifaa gani cha kuhifadhia data kwa muda mrefu? Nitalijibu, na vifaa nitavitaja kimoja kimoja. Ila naomba nianze na droo.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kwenye maabara moja ya huku kwetu. Tulihitaji mavuno ya misimu 11 ya shamba moja la majaribio ya mikorosho. Kila mtu alijua data ipo. Iko kwenye eksteno, yaani diski ya nje ya kompyuta, eksteno iko kwenye kabati la chuma, droo ya pili. Nikaifungua droo, nikaikuta imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Aliyeifunga alitaka kuikinga na vumbi, na hakujua kwamba unyevu wa pwani umo tayari ndani ya mfuko. Pale waya unapochomekwa palikuwa na ukungu wa kijani, kama ule wa sarafu iliyosahaulika chini. Nikapangusa kwa spiriti, nikasubiri ikauke, nikachomeka. Taa ikawaka na nikashusha pumzi. Kisha ikaanza: tik, tik, tik, kimya. Tik, tik, tik, kimya. Mliowahi kuisikia sauti hiyo mnaona usoni kwangu kwamba sijaisahau.

Kilichotuokoa ni mzee mmoja wa Nanguruwe, fundi wa shamba aliyekuwa amestaafu. Tulimfuata nyumbani kwake. Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na kaunta buku tatu pamoja na mkaa uliofungwa kwenye kipande cha khanga ili unywe unyevu. Nilifungua ile ya kwanza. Mistari ya kalamu ya bluu, namba za miti kama zilivyogongwa kwenye vibati vya shambani, kilo za kila mti, tarehe. Pembeni mwa ukurasa mafuta ya ganda la korosho yalikuwa yameacha doa la kahawia na kuilainisha karatasi mpaka imekatika, lakini maandishi yalikuwa salama. Mbele ya mti namba 417 palikuwa na sifuri, na maneno matatu: "ubwiriunga, maua yote", yaani ugonjwa wa ukungu mweupe ulikuwa umeyashambulia maua yote. Nilimuuliza mzee kwa nini aliendelea kuandika kwenye daftari wakati ofisini kulikuwa na kompyuta. Akaniambia, "Mwanangu, kompyuta ilikuwa inaondoka na bwana mradi."

Tulipata misimu tisa. Mabinti wawili waliiandika upya kwa wiki tatu, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika. Misimu miwili haikuwemo kwenye madaftari na haipo popote duniani. Mvua ya miaka ile imeshanyesha. Ile miti imeshazaa, korosho zimeshaliwa. Hakuna fedha itakayotuwezesha kupima tena.

Ndugu zangu, tuliangalie zao letu. Mkorosho unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, unachukua miaka zaidi kufikia mavuno kamili, na ukitunzwa unazaa kwa miongo. Anayetaka kujua kama mche wa aina fulani unahimili ubwiriunga, au unazaa sawasawa mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, lazima aufuate kwa miaka 15, 20, 25. Sasa chukueni diski ya kawaida. Dhamana ya kiwandani ni miaka miwili hadi mitano. Zipo zinazofika kumi, zipo zinazokufa ndani ya mwaka. Kwa hiyo jaribio moja tu la mkorosho litapita juu ya diski tano au sita. Litapita pia juu ya wakurugenzi kadhaa, wafadhili kadhaa na wataalamu wa kompyuta kadhaa. Ndiyo maana nasema data ya muda mrefu haitunzwi kwa kulazwa mahali. Inatunzwa kwa kuhamishwa, na kabla hamjaniuliza mnunue nini, mimi nitawauliza: nani ataihamisha, na mwaka gani?

Lipo jambo jingine linalotangulia kifaa, nalo ni kujua mnacho nini. Nimeingia maabara nyingi nikaambiwa, "Data yetu ni kubwa mno, hatuna pa kuiweka." Tukikaa na kupekua, tunakuta kikubwa ni picha za droni, video za warsha, na nakala saba za uwasilishaji uleule. Fanyeni hesabu pamoja nami. Shamba lina miti 2,000. Kila mti unapimwa mavuno mara moja kwa msimu, kwa misimu 25. Hivyo ni vipimo 50,000. Vikiandikwa kwenye jedwali la kawaida, faili lake halifiki hata megabaiti mbili. Picha moja ya simu uliyopiga jana kwenye harusi inaweza kuwa kubwa kuliko robo karne ya kazi ya shamba lenu.

Hilo linanigusa sana kila ninapolisema. Kitu ambacho hakiwezi kurudiwa kamwe ndicho kidogo kuliko vyote, na kwa sababu ni kidogo tunakipuuza. Kinakaa kwenye flashi ya mtu, flashi iko kwenye mfuko wa suruali, suruali inaenda kufuliwa. Data ya vinasaba ni kubwa na ghali, lakini sampuli ya jani ikiwepo inaweza kusomwa tena. Mavuno ya 1998 hayasomwi tena. Basi pangeni mafungu mawili: kisichorudiwa na kinachorudiwa. Fungu la kwanza lipewe ulinzi wote mnaoweza, maana ni dogo na halitawagharimu kitu. Fungu la pili lihifadhiwe kadiri ya mfuko.

Wenyeji wa Nachingwea wanazo hadithi za mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, ukarudi na mpango mkubwa. Mradi ukaanza 1947, ukatelekezwa 1951, na mamilioni ya pauni yakazama kwenye ardhi ambayo mvua yake haikufahamika vizuri, hasa kule Kongwa. Bandari hii ya Mtwara tunayojivunia ni mtoto wa mradi ule. Ninapoona daftari la mvua linatupwa kwenye uhamisho wa ofisi, nauona mradi wa karanga. Wiki tisa haziwezi kukuambia ardhi inafanya nini kwa miaka thelathini.

Sasa vifaa.

Eksteno ya kawaida, yenye sahani zinazozunguka ndani, ni rahisi na ina nafasi kubwa. Ifaayo ni kuiwasha angalau mara mbili kwa mwaka na kuibadilisha kila miaka minne au mitano hata kama haina tatizo. Huku pwani msiifunge kwenye nailoni peke yake. Tafuteni kopo lisilopitisha hewa na vile vifuko vya kukausha unyevu, na mvibadilishe. Flashi ni ya kubebea faili kutoka meza hii hadi ile, basi. Diski za kisasa zisizozunguka, zile za SSD, ni nzuri mno kwenye kompyuta mnayoitumia kila siku, lakini msizizike kabatini. Zenyewe zinashika data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja taratibu zikikaa bila kuwashwa, na joto huharakisha kuvuja. Ofisi ya Mtwara mwezi wa kumi na mbili, madirisha yamefungwa kwa likizo, mnajua joto lake.

Kuna seva ndogo za ofisi, zile zinazobeba diski nne au zaidi, diski moja ikifa nyingine zinaendelea. Nazipenda, na kwa maabara yenye watu kumi ningeanza nazo. Ila naomba mlisikie hili vizuri, maana nimewaona watu wazima wakilia kwa kutolisikia: seva ya namna hiyo ni kinga ya diski moja kufa. Si nakala. Ukifuta faili, limefutika kwenye diski zote nne kwa mara moja. Mwizi akiibeba, amezibeba zote. Radi ikipita kwenye waya, ndiyo hivyo.

Tepu za kompyuta, utepe wa sumaku wa kuhifadhia data, wengi wenu mnadhani zimekufa pamoja na kaseti. Hazijafa. Vituo vikubwa vya utafiti duniani bado vinazitegemea. Tepu moja ya aina ya LTO, ya kizazi cha tisa, inabeba terabaiti 18 (terabaiti moja ni megabaiti milioni moja), haili umeme ikiwa rafuni, na watengenezaji wanaiahidi miaka 30 ikikaa mahali pakavu penye ubaridi. Tatizo ni mashine ya kuisomea. Ni ya mamilioni mengi ya shilingi, na mashine za kizazi cha nane na cha tisa zinasoma tepu za kizazi chake na kile kimoja kilichotangulia, basi. Tepu itaishi miaka 30, lakini mwaka wa 15 utazunguka Afrika Mashariki nzima kutafuta mashine ya kuifungua. Kwa maabara ya ukubwa wetu, ikiwa peke yake, siishauri. Maabara tano au sita zikichangia mashine moja, hapo tuzungumze.

Hifadhi ya mtandaoni, wengine wanaiita wingu. Faida yake kubwa ni kwamba iko mbali na hapa. Lakini pigeni hesabu ya waya. Terabaiti 10 za picha za droni, kwa intaneti inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde bila kukatika hata dakika, zinachukua siku 46 usiku na mchana. Huku mimi sijawahi kuona umeme ukikaa siku 46 bila kuyumba. Halafu kuna malipo ya kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na watoa huduma wengi wanatoza tena siku unapotaka kuichukua data yako. Na akaunti ni ya nani? Niliwahi kukuta data yote ya mradi kwenye akaunti binafsi ya mwanafunzi aliyekuwa ameshakwenda ughaibuni. Kijana hakuwa na nia mbaya, alisaidia tu. Mradi ulipoisha, malipo yakaisha. Fungueni akaunti kwa jina la taasisi, nywila ijulikane na watu wawili, na mkiweka majina na simu za wakulima kumbukeni tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ina masharti kuhusu kupeleka taarifa hizo nje ya nchi. Kijitonyama, Dar es Salaam, kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi data; muulizeni bei kabla ya kukimbilia ng'ambo.

Na karatasi? Kwa lile fungu dogo lisilorudiwa, ndiyo, chapisheni. Mzee wa Nanguruwe alinifundisha hilo.

Mpaka hapa hakuna kifaa nilichokisifia bila kukitilia shaka, na ndivyo ilivyo kweli. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali. Kwetu hiyo "mbali" inahitaji kufikiriwa. Nimesikia watu wakisema nakala ya Mtwara ikae Lindi. Ndugu zangu, Lindi na Mtwara tumekaa kwenye ufukwe mmoja. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi na kuua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinatuelekea hapa, shule zikafungwa, kabla hakijaingilia Msumbiji. Nakala iliyo mbali ikae Masasi au Newala, mbali na upepo wa bahari, na nyingine Dar es Salaam au Dodoma. Na msitegemee njia moja kuifikia. Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam huko Lindi, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikakatika, nchi nzima ikayumba. Mwezi ule, mwenye data yake yote mtandaoni na mwenye data yake yote Dar es Salaam, wote walikaa wakisubiri.

Lindi ina somo lake pia. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale Tendaguru. Wenyeji wetu waliichimba, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, wakaibeba vichwani mpaka bandarini Lindi, siku kadhaa za kutembea. Leo mifupa hiyo iko Berlin. Nataka mtazame kazi waliyoifanya shimoni: kila chimbo lilipewa herufi, kila mfupa ukaandikwa ulikotoka. Zaidi ya miaka 100 baadaye wanasayansi bado wanaiita mifupa ile kwa herufi na namba za machimbo yale. Sasa ilinganisheni na mifupa ya Spinosaurus, dinosaria mwingine, iliyochimbwa Misri mwaka 1912. Ilikuwa Munich, mahali pamoja tu, na Aprili 1944 mabomu yakaiteketeza. Tunaijua mifupa ile kwa sababu mwanasayansi wa Kijerumani, Ernst Stromer, alikuwa amechapisha maelezo na michoro yake mwaka 1915, na vitabu vilikuwa vimeshasambaa.

Basi andikeni lebo. Nimewahi kufungua jedwali la Excel lenye safu iliyoandikwa "mv". Mvua au mavuno? Namba zilikuwa kati ya 8 na 40, zingeweza kuwa chochote. Safu ya pili "uzito": wa korosho kabla ya kuanikwa au baada? Aliyejua alikuwa ameshafariki. Faili zima, diski nzima, nakala tatu, na hakuna anayeweza kulitumia. Kila folda iwe na faili moja la maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili kinachoeleweka, linaloeleza kila safu, kipimo chake, na nani alipima. Majedwali yahifadhiwe pia kwa CSV, yaani maandishi matupu yanayotenganishwa kwa koma, ambayo karibu programu yoyote ya majedwali inaifungua.

Na mzikague nakala zenu. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti zipatazo 77, mafaili kama milioni 34, ya vikundi 14 vya utafiti. Kilichoyafuta ni mfumo uleule wa kutengeneza nakala: programu yake ilibadilishwa ikiwa bado inaendelea na kazi, na badala ya kufuta kumbukumbu za zamani ikafuta mafaili ya watu. Hao ni Kyoto, wenye kompyuta kuu na wataalamu. Kwa hiyo nakala moja iwe imechomolewa kabisa, isiyofikiwa na programu yoyote wala virusi. Na kila faili lipigiwe hesabu ya SHA-256, programu zake ni za bure, inayotoa mstari wa herufi na namba kama alama ya kidole. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote inabadilika. Mara mbili kwa mwaka linganisheni. Mimi naifanya kabla ya msimu kuanza, na tena baada ya mnada wa mwisho wa korosho, kwa sababu tarehe hizo hakuna mtu wa huku anayezisahau.

Nimalizie na mtu. Kwenye kila bajeti ya mradi wekeni mstari wa kuhamisha data, unaolipa hata mfadhili akishaondoka. Na kwenye kila maabara teueni mtu mmoja na msaidizi wake, iandikwe kwenye majukumu yao ya kazi, si hisani. Asiwe lazima mtaalamu wa kompyuta. Msimamizi wa ghala anayejua kuhesabu magunia na kusaini anaiweza kazi hii kuliko fundi anayekuja mara moja kwa mwaka.

Mwenyekiti, nimeleta seva ndogo na mashine ya kusomea eksteno za zamani, ziko pale mezani karibu na mlango. Nitakuwepo mpaka magharibi. Mwenye diski ya miaka mitano na zaidi aje nayo, tuinakili leo, na kama mnayo madaftari kwenye gari, yaleteni pia, nimekuja na kamera na taa. Tutaanza na dada wa Newala aliyenionyesha asubuhi boksi la viatu lenye flashi tisa.